Mwaka Baba Aliposhushwa Botini

Makanya,
2 Aprili 2024

Mwanangu Evaline,

Pole sana, mwanangu. Natanguliza pole kabla ya salamu, kwa kuwa nimechelewa kiasi cha kuona aibu. Mimi ni mzima wa mwili, isipokuwa masikio, na hayo unayajua. Natumaini wewe, mumeo na mtoto Priska hamjambo huko Njombe kwenye baridi.

Mwezi wa kumi na mbili nilivuka mto Ruvu na ng'ombe kufuata malisho upande wa Simanjiro. Mvua zikaja, mto ukajaa, nikakaa huko hadi juzi. Niliporudi nilipita dukani kwa Beatha kununua majani ya chai. Beatha akanitazama, akachana boksi la sabuni, akaniandikia kwa kalamu: "Mzee Yona wa Myamba alizikwa Februari." Nilisoma mara tatu. Nilimwomba lile boksi, ninalo hapa.

Miaka arobaini na mitano nimemfahamu baba yako, halafu nimekosa hata kurusha udongo kaburini mwake. Anuani ya shule yako aliniandikia yeye mwenyewe mwaka juzi. Alisema, "Ukikwama na jambo, mwandikie Evaline." Naisenya, mjukuu wangu, alitaka akutumie ujumbe kwa simu. Nimemkatalia. Mimi na baba yako tulikuwa watu wa barua.

Niandikie alivyokufa na mlivyomzika. Usifupishe.

Msalimie mama Honorata. Mwambie nitakuja barabara ikikauka.

Baba yako mdogo,
Lazaro


Njombe,
5 Mei 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako ilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu wiki nzima, kumbe ni yangu. Sisi huku hatujambo. Priska amepanda darasa la tano na anakusalimia. Mama naye anaendelea vizuri, ameanza kula.

Usione aibu. Tulikutafuta kwa simu ya Naisenya siku mbili, haikupatikana, na tukajua uko na ng'ombe.

Baba hakuteseka. Ilikuwa asubuhi ya tarehe thelathini na moja Januari. Alikunywa chai, akakaa barazani na mama wakipukuchua maharage. Mama anasema walikuwa wanabishana kuhusu mbuzi yupi auzwe. Akasema, "Honorata, acha nijinyooshe kidogo." Alipoitwa kula mchana hakuitika. Alikuwa amelala chali, viatu amevipanga chini ya kitanda visigino vikitazama ukuta, kama alivyotupigia kelele kuvipanga maisha yetu yote. Alikuwa na miaka sabini na minane.

Siku ya maziko ilinyesha, na ukungu ulishuka hadi kwenye migomba. Gari lililobeba jeneza lilikwama kwenye tope chini ya kanisa. Vijana wa Maore, ambao baba alikuwa akiwatengenezea mashine yao ya kusaga, walilibeba jeneza mabegani mpaka nyumbani wakiimba. Walikuwa wamepanda mlima kwa miguu tangu alfajiri.

Ila kuna jambo linanikera. Mzee wa kanisa, Melkizedeki, alisoma wasifu wa marehemu. Kuhusu jeshi kulikuwa na mistari miwili tu: mwaka 1971 alijiunga na wanamaji, mwaka 1993 alistaafu akiwa sajini. Miaka ishirini na miwili, mistari miwili. Priska akaniuliza tukiwa tunarudi, "Mama, babu alifanya nini baharini?" Ninajua tu kwamba nilipokuwa na miaka saba baba aliacha kwenda baharini, akawekwa karakana ya nchi kavu, na hakupanda cheo tena.

Tena nikueleze jambo la aibu. Kaka yangu Rogers alipokuwa na miaka ishirini alitaka kujiunga na wanamaji, baba akamwambia afikiri kwanza. Rogers akakasirika, akamwambia mbele yetu, "Wewe mwenyewe walikufukuza botini." Baba alitoka nje akaenda kumhamisha ng'ombe ambaye alikuwa ameshahamishwa. Rogers alimwomba radhi baadaye, lakini swali lilibaki mle ndani ya nyumba na hakuna aliyeligusa.

Wewe ulikuwa naye boti moja. Baba alishushwa kwa nini?

Mwanao,
Evaline


Makanya,
28 Mei 2024

Mwanangu Evaline,

Barua yako imenifikia salama, na nakushukuru kwa kutofupisha. Viatu vile nimeviona kabisa. Mimi sijambo. Majani yapo, ndama wamezaliwa sita.

Mwambie Priska hivi. Babu yake alikuwa fundi mkuu wa chumba cha injini kwenye boti ya doria. Wale wa juu waliona bahari, visiwa na pomboo. Sisi wa chini tuliona mabomba. Joto lake lilikuwa kama kukaa ndani ya sufuria, na kelele zake ndizo zilizonimalizia masikio. Tukitoka Kigamboni kwenda doria upande wa Mafia tulikaa siku nne au tano. Baba yako alitambua kwa kuweka kiganja kwenye chuma kama injini ni nzima au inaumwa.

Mimi nilifika pale mwaka 1979, kijana wa nyika, sijawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Siku ya kwanza nilitapika mpaka nikadhani nakufa. Wenzangu walicheka. Baba yako alinipa kipande cha tangawizi kutoka mfukoni, akasema, "Tafuna, hii inatoka kwetu Myamba. Wewe wa wapi?" Nikamwambia Makanya. Akasema, "Basi ukisimama nyumbani kwenu unaona nyumbani kwetu." Tangu siku hiyo akaniita mdogo wake.

Nilikuwa najua kusoma kwa shida, na kuandika jina langu tu. Alinifundisha kila jioni tukifunga gati, miezi minane, kwa kitabu cha maelezo ya injini, maana hatukuwa na kingine. Ndiyo sababu mpaka leo ninaandika "kaza" na "legeza" vizuri kuliko maneno mengine. Barua yangu ya kwanza nilimwandikia mama yangu. Alisomewa na mwinjilisti, akalia.

Na alikuwa mtu wa nyumbani, Evaline. Wenzetu wakipewa ruhusa ya siku mbili walibaki mjini. Yeye alipanda basi usiku kucha, akapanda na mlima, akakaa nanyi saa sita, akarudi. Alikuwa na picha yako umeshika kuku, ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake.

Hayo ndiyo ninayokumbuka.

Baba yako mdogo,
Lazaro


Njombe,
20 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo, na pole kwa kazi za ng'ombe. Sisi ni wazima, na mvua zimetuacha.

Priska ameisoma barua yako darasani kwake. Sasa wenzake wanadhani babu yake aliendesha meli kwa tangawizi. Asante sana. Nilicheka, kisha nikaenda chumbani nikalia kidogo kwa ajili ya picha ya kuku, sikuwahi kuijua.

Lakini mimi ni mwalimu, baba mdogo, nimezoea kusahihisha. Swali lilikuwa moja na hukulijibu. Kama ni jambo la kumwaibisha baba, niambie. Sitampenda pungufu. Kaburi tutalijengea mwezi wa kumi na mbili, tutafanya ibada ya shukrani, na safari hii wasifu nimeomba niuandike mimi. Sitaki mistari miwili tena.

Mwanao,
Evaline


Makanya,
11 Septemba 2024

Mwanangu,

Najua umesubiri. Barua hii nimeianza mara nyingi. Afya yangu ni nzuri, hakuna ugonjwa wa kusingizia. Nilikuwa naogopa.

Ilikuwa mwaka 1983, mwezi wa nane, saa kumi alasiri, tuko mashariki ya Mafia tukirudi. Asubuhi ile nilikuwa nimesafisha chujio la mafuta. Kazi ile nilishaifanya mara nyingi. Unafungua, unasafisha, unarudisha, unakaza. Kisha unamwita mkubwa wako akague. Nilirudisha, nikakaza kwa mkono, nikaitwa juu kusaidia kuvuta kamba. Niliporudi nilisahau kumalizia kwa spana. Sikumwita mtu akague, na baba yako aliponiuliza kama chujio liko tayari nilimjibu ndiyo.

Chujio lililegea. Dizeli ikaruka juu ya bomba la moshi lenye moto, ikawaka. Nilisimama nikiutazama ule moto, miguu haikutii. Baba yako alinisukuma kwenye ngazi, akarudi kufunga mafuta, akatoka wa mwisho akafunga mfuniko wa chumba ili moto ukose hewa. Kovu lile la mkono wa kushoto alilowaambia ni la bomba, ni la siku ile. Hakufa mtu. Lakini injini moja iliharibika kabisa, tukavutwa mpaka bandarini.

Ikafanyika uchunguzi. Aliingia yeye kwanza. Mimi nilikaa nje kwenye benchi nikijiambia nikiitwa nitasema kweli. Nikaitwa, naye akiwa bado mle ndani. Afisa akaniuliza, "Sajini Yona amesema chujio alifunga yeye mwenyewe. Ndivyo?"

Nilimtazama baba yako. Alikuwa anatazama ukutani.

Nikasema, "Ndiyo, afande."

Ndilo jambo lenyewe, Evaline. Neno langu moja. Hakufukuzwa kwa woga wala ulevi wala wizi. Alishushwa botini akapelekwa karakana, na jina lake likawekwa pembeni kila vyeo vilipotoka.

Siku ya pili nilimfuata nikamwambia narudi kusema ukweli. Alikuwa anafunga sanduku lake la vitu. Akasema, "Lazaro, mimi wakinishusha nitabaki askari. Wewe wakikushusha huna pa kushukia, watakurudisha kwenu. Tulia. Ila kuanzia leo kaza kwa spana." Akaniapisha nisimwambie mtu, hata mke wake. Nikaapa.

Mimi nilipanda. Nilikaa baharini mpaka mwaka 2001. Nilipopata cheo cha sajinitaji, cheo ambacho kingekuwa chake, alikuja kambini akanishonea tepe kwa mkono wake. Alisema mshono wa fundi cherehani hauaminiki.

Nimevunja kiapo. Nimefikiri miezi mitatu kama nina haki hiyo. Nimeona yeye hawezi kuniruhusu tena, na kaka yako amebeba neno baya alilomwambia baba yake kwa sababu yangu. Usipotaka kuniandikia tena, nitaelewa.

Lazaro


Njombe,
2 Desemba 2024

Baba mdogo Lazaro,

Shikamoo. Nimekaa kimya karibu miezi mitatu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na sipendi kuandika nikiwa na hasira, watoto wangu wa darasani wanalijua hilo.

Nikwambie ukweli kama ulivyoniambia. Nilipomaliza kusoma nilikuchukia kwa muda wa siku kadhaa. Nilimwona baba kwenye karakana ile, anatengeneza majenereta, wenzake wanapita na sare nyeupe kwenda gatini. Nilikumbuka kwamba alipotuhamishia Kigamboni kutoka Myamba, Jumapili alikuwa akitupeleka ufukweni, sisi tunacheza, yeye amesimama ametugeuzia mgongo akitazama maji. Nilidhani wanaume wote husimama hivyo. Nilisema moyoni, mtu huyu alimchukulia baba bahari yake halafu akanywa chai nyumbani kwetu kila mwaka.

Nikampigia Rogers, yuko Tanga siku hizi. Nilimsomea barua yako yote kwenye simu. Nilitarajia atakutukana. Akaniuliza tu, "Na baba alijua kwamba mimi sijui?" Nikamwambia alijua. Akasema, "Angeweza kunijibu siku ile kwa sentensi moja." Ndipo na mimi nikaelewa. Alikuwa na sentensi moja ya kujitetea mbele ya mtoto wake mwenyewe, na hakuitumia, kwa sababu ingekugusa wewe. Mtu aliyekulinda kiasi hicho, mimi ni nani nikuchukie? Si rahisi kama ninavyoandika, lakini ndiko nilikofika.

Tunajengea kaburi Jumamosi tarehe ishirini na nane. Rogers atakuja na familia yake. Wasifu sijaandika sehemu ya jeshi. Nimeacha nafasi. Ukitaka uijaze kwa mdomo wako mwenyewe, njoo. Usipotaka, nitaandika kwamba alikuwa fundi mkuu wa injini, na hapo nitaishia.

Mama sijamwambia. Hilo ni lako.

Mwanao,
Evaline


Makanya,
14 Desemba 2024

Mwanangu Evaline,

Umeandika "mwanao". Nimeliona.

Nitakuja. Naisenya ataniongoza. Mama yako namwogopa kuliko yule afisa, lakini nitakuja.

Baba yako mdogo,
Lazaro


Njombe,
6 Januari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Natumaini magoti yamepoa baada ya ule mteremko. Sisi tulifika Njombe juzi salama, na gunia la ndizi na viazi ulivyotuona tukifungiwa na mama.

Naandika haraka kwa sababu kuna jambo Naisenya aliniambia mkiwa mnaondoka, nikashtuka. Aliniambia hukusikia. Sisi wote tulidhani umesikia, maana ulikuwa unatikisa kichwa. Naisenya anasema huwa unatikisa hivyo ukiona watu wanakutazama. Alipotaka kukuandikia pale pale ulimzuia, ukasema mama Honorata amekupa mkono na hiyo inakutosha.

Haitoshi. Acha nikueleze kilichotokea, hatua kwa hatua.

Ulipoita watu wasogee, ukasimama pale miguuni pa kaburi, ukaanza na habari za kutapika, watu walicheka. Ulipotaja lile swali la afisa na jibu lako, Rogers alivua kofia. Ulimaliza kwa kusema, "Kosa lilikuwa langu, cheo kilikuwa chake, na naomba msamaha kwa mkewe na wanawe." Kisha ukakaa, ukainamisha kichwa.

Mchungaji alitaka kuanzisha wimbo. Mama akamwinulia mkono. Unakumbuka alivyokuja akakushika mkono wako kwa mikono yake yote miwili. Alisema akiwa amekuinamia, kwa sauti ndogo, ndiyo maana wewe uliona midomo tu. Mimi nilikuwa karibu yake. Niliandika maneno yake jioni ile ile nisije nikayaongezea chumvi. Alisema hivi:

"Shemeji, najua. Yona aliniambia wiki ile ile. Aliniambia nisikuonyeshe kwamba najua, utashindwa kula nyumbani kwangu."

Tuliokuwa karibu tulicheka kidogo, pamoja na kulia. Basi viapo vyote viwili, baba mdogo, chako na chake mama, vilikuwa vinakaa meza moja vinakunywa chai kila mwaka.

Kisha akasema hili, na hili hata mimi mtoto wake sikuwahi kulisikia:

"Mimi nilikuwa naichukia ile bahari. Kila akiondoka nilikuwa nikihesabu siku, na upepo ukivuma huku mlimani sikuli. Aliponiambia wamemshusha alikuwa analia. Nilimshika, nikamwambia pole. Halafu niliingia jikoni nikafunga mlango, nikamshukuru Mungu, nikaziba mdomo kwa khanga asisikie. Mume wangu analia kule, mimi nashukuru huku. Aibu hiyo nimekaa nayo miaka arobaini na moja, na sikumwambia mpaka amekufa. Kabla ya hapo nilikuwa naye siku chache kwa mwezi. Baada ya hapo nikawa naye kila siku. Sasa wewe shemeji unaniomba mimi msamaha. Nikusamehe kwa lipi? Kwa kunirudishia mume?"

Rogers ndiye aliyeshindwa kabisa. Unakumbuka alivyokwenda kusimama kwenye shamba la tangawizi peke yake, wewe ukamfuata. Sijui ulimwambia nini. Alirudi amekushika bega, akaenda kukaa karibu na mama, na hakuondoka hapo mpaka chakula.

Nimefikiri sana njiani. Baada ya karakana ndipo sisi tulipompata. Ndipo aliponifundisha hesabu kwa spana za namba tofauti. Ndipo aliposuka nywele zangu wiki ambayo mama alilazwa, akazisuka kama kamba za meli, nikaenda nazo shule. Aliporudi Myamba alivuta maji kwa mabomba kutoka kijito cha juu hadi nyumba kumi na nne, akawa anatembea asubuhi anaweka kiganja kwenye kila bomba. Yote hayo nilikuwa nayaona kama mambo ya kawaida ya baba yeyote. Sikujua yalitoka wapi. Hukukusudia, baba mdogo, na yeye alipoteza kitu alichokipenda, hilo sitalifuta. Lakini mimi nilipewa.

Wasifu nimeumaliza, kurasa nne. Priska ameunakili kwa mwandiko wake na nakala yako iko humu ndani. Sehemu ya jeshi nimeiandika kama ulivyoisema, na maneno ya mama yakaifuata.

Tukiwa tunaosha vyombo jioni ile nilimuuliza mama kama angetamani ungekuja kusema mapema, baba akiwa hai. Alisugua sufuria kwa muda. Akasema, "Yona angemfukuza shemeji pamoja na mimi. Halafu angetuita turudi tule." Kisha akaniagiza nikuandikie kwamba Pasaka anakutarajia, wewe na Naisenya, na kwamba safari hii utakaa upande wake wa kulia, karibu, ili akipenda kukwambia jambo akupigie kelele mwenyewe.

Mwanao,
Evaline